MASTAA NA VIATU VYA "MLIMA WOWOTE": UPARE HAUDANGANYIKI

Kuna mrembo mmoja wa mjini, jina kapuni, ana wafuasi kibao Insta na kila anachovaa lazima kiishe dukani. Masika iliyopita alitua Same na timu yake, wakapanda Upare kula upepo, na jioni akatupia picha saba za nguvu. Nyuma ukungu, kijani kila kona, na miguuni raba nyeupe pee, soli nene kama boflo. Kapsheni ikasema "kiatu kimoja, mlima wowote", halafu akalitagi duka. Laiki zikamiminika.

Sasa waliokuwepo wanasema picha zote saba zilipigwa barabarani. Gari lilipanda mpaka linapoishia, mrembo akashuka, akatembea hatua chache, akageuza shingo, akapigwa, akarudi garini. Msituni hakuingia. Kileleni ndiyo kabisa. Raba zilirudi Same nyeupe vilevile, na yeyote aliyewahi kupita Upare wakati wa masika anajua raba nyeupe haishuki kule ikiwa nyeupe.

Ingeishia hapo ingekuwa kiki tu, watu wangecheka yakaisha. Shida ni kwamba kuna binti mmoja wa chuo, naye jina kapuni, alizinunua zilezile. Alitoa laki na ishirini, hela yake ya kula ya mwezi. Vuli ilipoingia akajiunga na kundi la vijana wanaochangishana nauli na kwenda kutalii, safari ikawa Shengena, na wao waliingia msituni kweli.

Asubuhi kijana mwenyeji aliyekuwa anawaongoza aliangalia miguu ya binti, akamwambia kwa upole, "Dada, hivyo viatu kule juu vitakusumbua. Nyumbani kuna gambuti za mama, nikuletee?" Binti akacheka. "Gambuti kwenye picha, kaka yangu?"

Kupanda alikuwa mbele ya wote. Kushuka ndiko mambo yalipoharibika. Mizizi imelowa, soli ikateleza, mguu ukanasa, mwili ukaendelea na safari. Kifundo kikavimba kama embe. Vijana wanne wa kijijini walikata miti, wakafunga shuka, wakambeba kwa zamu mpaka bodaboda zinapofika. Wiki sita hakukanyaga vizuri, na mitihani miwili ya chuo ikampita.

Mrembo hakumsukuma mtu, hilo ni kweli. Lakini alisema kitu ambacho hakukijaribu, kwa watu wanaomwamini, akalipwa. Na alichosema ni uongo hata kama angekisema mwalimu wa mlima mwenyewe: hakuna kiatu cha mlima wowote. Hakuna hata kiatu kimoja cha Upare mzima.

UPARE SIO MLIMA MMOJA

Ukiwa kwenye basi la Dar kwenda Moshi au Arusha, Upare unauona kama ukuta mmoja wa bluu upande wa kulia. Ndiyo maana watu wanadhani ni mlima mmoja, kiatu kimoja. Ingia ndani uone.

Same mjini pako chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote Upare, kiko mita 2,462. Katikati ya hapo unapita ardhi za aina tatu, na kila moja ina tabia zake.

Ya kwanza ni ya chini, upande wa Same na Makanya. Mvua inayotoka Bahari ya Hindi inaishia upande wa mashariki na juu milimani, kwa hiyo huku magharibi pamekauka. Ni vumbi, mawe madogo yanayoviringika, mbigili, na miiba ya migunga ambayo inatoboa mpaka tairi la baiskeli. Jua linachoma mpaka soli inakuwa ya moto. Hapa adui ni mwiba na changarawe.

Ya pili ni ya katikati, kwenye vijiji na mashamba: migomba, mahindi, maharage, na kule Mamba Miamba tangawizi. Njia ni za udongo, nyingi zimepanda moja kwa moja bila kuzunguka. Kiangazi zinapitika poa kabisa. Ikinyesha, udongo unakuwa sabuni. Unanata chini ya kiatu, unajaza meno yote ya soli, na baada ya hatua ishirini umevaa kilo mbili za tope kila mguu. Na huo udongo sio wa kuchezea. Novemba 2009 mvua kubwa ilileta maporomoko upande wa Mamba Miamba, yakafukia nyumba na kuua watu. Mwenyeji akikwambia leo njia hii tusipite, usimwoneshe kapsheni ya mtu.

Ya tatu ni msitu wa juu, Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huko hata kiangazi kuna ukungu. Maji yanadondoka kutoka kwenye majani wakati mvua hainyeshi. Chini ni mizizi iliyolala kama nyoka, magogo yaliyooza, na mawe yenye ukijani unaoteleza kuliko barafu ya friji. Tope lipo, lakini mtu wa mjini anaangushwa zaidi na mzizi.

Kwa hiyo siku moja ya kwenda Shengena na kurudi, mguu wako unaweza kukutana na miiba, sabuni na barafu. Halafu mtu anakwambia kiatu kimoja, mlima wowote.

HATA WA KWENYE THELUJI WANALIJUA HILI

Watu wanaoteleza kwenye theluji kule Ulaya na Marekani wana ugomvi huuhuu kuhusu ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni. Mfano wa karibu ni majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1998 Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa kawaida, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho kwenye mbio za kilomita 10, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamsubiri kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Ski za mbio zile ni nyembamba na nyepesi, kisigino hakifungwi, kwa sababu unakwenda tambarare na kupanda. Miaka 20 baadaye, 2018, Mkenya mwingine, Sabrina Simader, alishiriki kule PyeongChang, Korea Kusini, kwenye mashindano ya kushuka mlima. Za kwake kisigino kimefungwa kabisa na kingo ni za chuma kali. Nchi moja, theluji hiyohiyo, lakini wakibadilishana vifaa hakuna anayefika.

Na zipo ski wanazoziita za mlima mzima, za kila hali. Hata hizo zinatofautiana. Nyembamba kiunoni, milimita 80 na kitu, inang'ata vizuri theluji ngumu. Ile ya kukaribia milimita 100 inaelea vizuri juu ya theluji laini. Anayeteleza kwa kasi anataka ngumu, anayejifunza anataka laini inayosamehe makosa. Wauzaji wa kule wenye heshima wanasema wazi kwamba ski ya kila hali inafanya mambo yote vizuri kiasi, na hakuna hata moja inalofanya vizuri kupita zote. Swali la kwanza dukani ni utaenda wapi na unatelezaje. Huku kwetu swali la kwanza ni una rangi gani.

VIATU VYENYEWE, KIMOJA KIMOJA

Raba nyeupe za mjini. Soli yake ni bapa, imetengenezwa kwa lami, vigae na kapeti ya ofisi. Same stendi, sawa. Kiangazi kwenye barabara ya kijiji, sawa, kama huogopi vumbi. Udongo ukilowa hazina pa kushikia. Zile zenye soli nene ndiyo mbaya zaidi, maana mguu umekaa juu, ukiyumba kidogo unayumba sana. Na soli nene usidhani inazuia mwiba, nyingi ndani ni sponji tupu.

Yeboyebo. Kiatu cha taifa cha mashambani. Ni nyepesi, bei yake rahisi, zikilowa zinakauka kabla hujamaliza kunywa chai. Kwenye kijito unapita nazo moja kwa moja. Ubaya wake, mguu ukilowa unacheza ndani, na soli ikishaisha inakuwa kama sahani. Mwiba wa mgunga unapita bila kugonga hodi. Kwa mtu anayekwenda shambani kwake, njia anaijua kwa macho yaliyofungwa, zinatosha. Kwa mgeni anayeshuka msituni, hapana.

Katambuga. Zile sandozi za tairi. Kwa ardhi ya kwanza, ya vumbi na miiba, ni mfalme. Mgunga unapiga mwiba wake kwenye tairi unaishia hapo. Zinakaa miaka. Lakini upeleke katambuga kwenye udongo uliolowa uone, mguu unatoka mbele kama gari lisilo na breki. Msituni vidole viko wazi vinagonga kila mzizi.

Gambuti. Hizi ndizo binti alizozicheka. Kwenye tope la katikati hakuna kiatu kinachozigusa. Maji hayaingii, soli ina meno, na tope ukiligonga kwenye jiwe linadondoka. Watu wa tangawizi na watu wa ng'ombe hawazivai kwa kupenda kupendeza. Ila zina masharti. Hazifungwi kamba, kwa hiyo mguu unateleza ndani, na ukishuka muda mrefu vidole vinagonga mbele mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Mguu unatoka jasho, na mpira unakwangua ndama. Ukizivaa, vaa soksi ndefu nzito na chukua saizi inayobana kidogo. Kwa saa mbili tatu za tope ni sawa. Kwa siku nzima mpaka kileleni ni adhabu.

Raba za kukimbilia milimani. Zinafanana na raba za mazoezi lakini geuza soli uone meno marefu yaliyoachana. Hizi zimeanza kuonekana mitumbani na vijana wengi hawazijui. Ni nyepesi, zinashika udongo vizuri, zikilowa zinakauka haraka. Kwa mtu mwepesi, asiyebeba mzigo, mwenye miguu iliyozoea kutembea, huenda ndicho kiatu bora cha kwenda Shengena na kurudi siku moja. Zinachoshindwa ni miiba ya chini, kwa sababu ubavu wake ni kitambaa, na meno yake yanaisha haraka ukizivaa mjini kila siku.

Buti za kupandia mlima. Soli ngumu, shingo inapanda juu ya kifundo, pua imekingwa. Zinakinga mawe, miiba na vijiti, na ukiwa na begi zito mgongoni zinakusaidia kusimama. Lakini watu wanazipa sifa ambazo hazina. Kifundo kinateguka ndani ya buti pia, ukikanyaga vibaya. Na zile zinazosema haziingizi maji, maji yakishaingia kwa juu hayatoki pia, utatembea na bwawa miguuni mpaka jioni, na kukauka ni siku mbili. Ni nzito. Kama hujazoea, ukifika juu miguu imechoka, na mguu uliochoka ndio unaoteleza.

UNATEMBEAJE?

Ukishajua ardhi, jiangalie na wewe. Kuna mtu wa picha, anayesimama kila hatua kumi. Huyo anapoa mwili, analowa, anahitaji kiatu kikavu na chenye joto kuliko chepesi. Kuna mwenye haraka, anayetaka kufika kileleni saa nne na saa nane yuko chini anakula makande. Huyo buti nzito itamuua, achukue raba zenye meno. Kuna mbeba mzigo, mwenye hema, maji na chakula cha watu watano. Huyo anahitaji soli ngumu, maana uzito wote unashuka kwenye unyayo.

Na kuna wa kushuka, ambao ni wote. Watu wananunua kiatu wakifikiria kupanda. Kupanda hakuna mwenye shida, mapafu ndiyo yanalia. Wengi wanaangukia kwenye kushuka, wakiwa wamechoka, jua linazama, wanawahi gari. Kwa hiyo ukijaribu kiatu, tafuta ngazi au mteremko, shuka nao. Vidole vikigusa mbele, saizi sio yako hata kama kinapendeza vipi. Acha nafasi ya kidole gumba mbele. Kabla ya kushuka fungua kamba, sukuma kisigino nyuma, kaza upya sehemu ya juu. Hilo halihitaji hela.

Soksi nazo. Soksi za pamba zikilowa zinabaki zimelowa, zinakwangua, na malengelenge yanaanza kabla ya saa sita. Za sufi au zile za michezo zinazokauka haraka ni bora. Beba pea ya pili kwenye mfuko wa nailoni. Mtu aliyevaa raba ya kawaida na soksi kavu anaweza kushuka salama kuliko mwenye buti ya bei mbaya na soksi zilizolowa.

"MBONA WENYEJI WANAPANDA NA YEBOYEBO?"

Hii ndiyo hoja inayopendwa sana kwenye komenti. Kila ukizungumzia viatu, anatokea mtu anasema mzee mmoja kule Chome anapanda peku na mzigo wa kuni kichwani, nyie wa mjini mmezidi uzungu. Wengine wanamleta na Abebe Bikila, Muethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu.

Haya. Bikila alikimbia peku kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa vizuri, na alikimbia kwenye barabara za mji, sio kwenye mizizi. Na miaka minne baadaye, Tokyo 1964, alishinda tena. Safari hiyo alivaa viatu. Hiyo sehemu ya pili ya stori huwa haifiki kwenye komenti.

Kuhusu mzee wa Chome, ni kweli anapanda. Anaijua njia tangu anachunga mbuzi, anajua jiwe gani linacheza, anatembea polepole na haruki kwa ajili ya video. Ujuzi wake ni mkubwa kuliko kiatu chochote. Lakini kusema hahitaji viatu ni kumgeuza umaskini wake kuwa sifa. Muulize kama anapenda kuchomwa mwiba. Muulize kucha zake zilipotea lini. Havai yeboyebo kwa sababu amefanya utafiti wa soli. Anavaa kwa sababu ada ya mtoto imekuja kwanza.

Na hapa ndipo mastaa wanapokera. Kwenye ile picha ya mrembo, ukikuza kidogo pembeni, kuna mguu wa kijana aliyebeba begi lake. Yeboyebo ya bluu, imekatika gidamu, imefungwa na waya. Huyo ndiye aliyekuwa na kazi ya mlima siku ile. Laki na ishirini zilikuwa kwenye miguu iliyokaa barabarani, na waya ulikuwa kwenye miguu iliyobeba. Kwa jirani, kule Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na suala la mavazi na viatu vyao limepigiwa kelele miaka mingi. Upare wageni ni wachache, kelele ni ndogo, kila mtu anajibeba anavyojua.

NUNUA KAMA MPARE

Kila mtu anajua utani wa Wapare na hela. Wachaga wanasema Mpare akitoa buku anaisindikiza mpaka mlangoni. Basi kwenye viatu huo ubahili ndio akili. Mpare wa kweli hanunui kwa sababu staa kavaa, anageuza kiatu, anakikunja, anakinusa, anauliza bei mara tatu, anaondoka, anarudi.

Kwa wengi, kiatu cha mlima kitatoka mtumbani, Karume kwa walioko Dar, Memorial kwa walioko Moshi. Hakuna aibu. Buti nzuri ya mtumba inaipita mbali feki mpya. Ila kuna mtego mmoja. Buti iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kuonekana mpya kabisa juu, kumbe ile sponji ngumu ya katikati ya soli imeoza yenyewe kwa unyevu wa hewa. Unavaa, unatembea saa moja, soli inabanduka yote kama ganda la ndizi. Ukiwa msituni hapo umekwisha. Kwa hiyo kabla hujalipa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikimomonyoka au ikiacha unga, rudisha hata kama muuzaji anakuita boss.

Halafu kikunje. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, acha. Minya kisigino kwa nyuma, kisilale. Angalia meno ya soli, yawe marefu na yameachana ili tope lipate pa kutokea. Ukishanunua, usikivae mara ya kwanza siku ya safari. Kivae wiki mbili sokoni, kwenye daladala, kanisani ukitaka, mpaka kikuzoee.

Ukilazimishwa kuchagua kimoja tu kwa Upare, kwa mtu wa kawaida anayekwenda mara moja moja, chukua raba yenye meno au buti nyepesi ya shingo fupi. Haitakuwa bora popote, lakini haitakuangusha kila mahali. Ukienda masika, omba gambuti kijijini kwa ajili ya kipande cha tope, lipia kitu kidogo, halafu badilisha ukiingia msituni. Na kama huna chochote kati ya hivyo, safari bado ipo. Ishia vijijini, kula makande, angalia Mkomazi kule chini ukungu ukifunguka. Hakuna aliyekufa kwa kutofika kileleni.

KWA MASTAA SASA

Hakuna anayekataa mtu kula tangazo. Mjini watu wanaishi. Lakini kuna vitu vitatu vidogo mnavyoweza kufanya na hela yenu ikabaki palepale. Semeni mmelipwa. Semeni mlifika wapi, kama ni barabarani, barabarani. Na kabla ya kusema kiatu kinapanda, kipandisheni. Kinyesheeni mvua, kishusheni kwenye mizizi, halafu kapsheni ije na tope lake. Watu watawaamini zaidi, na duka litauza zaidi.

Binti wa chuo sasa hivi anatembea. Raba aliuza kwa elfu thelathini, bado nyeupe upande mmoja. Vijana waliombeba walikataa hela, wakasema mgeni habebwi kwa bei. Kundi lake likachanga hata hivyo, likamtumia yule kijana wa kuongoza buti ya mtumba kutoka Memorial, saizi 42, sponji imebonyezwa na kukaguliwa. Anasema anaivaa siku za wageni tu, zingine anaitunza.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ulipanda Shengena, Kindoroko au mlima wowote na kiatu gani, na kilikufanyaje wakati wa kushuka? Na yule aliyekubebea begi, alivaa nini? Dondosha komenti hapo chini. Matusi weka mfukoni.